Siku ya Shabaha ni Siku ya Kuhesabu

Watu wakishajua kwamba nimepitia mgambo, swali huwa moja tu: ulipiga risasi ngapi? Wanaume huuliza kwa wivu kidogo, wanawake wenzangu huuliza huku wanacheka. Nikiwajibu kwamba ni chache, zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, wanasikitika kwa niaba yangu. Miezi yote ile ya kuamka alfajiri, mchakamchaka na kuimba chenja mpaka koo linakauka, halafu risasi chache? Ndiyo. Na hiyo siku yenyewe ya shabaha, Jumamosi moja ya kiangazi, muda wa kupiga ulikuwa dakika chache. Saa zilizobaki tulikuwa tunahesabu. Nimekuja kuamini kwamba kule kuhesabu ndiko mafunzo yenyewe, na kupiga ni kisingizio.

Nianze na watu. Ukitaja mgambo mjini, mtu anawaza jamaa mwenye rungu anayekimbiza akina mama wa ndizi stendi. Huyo yupo, nitamfikia. Lakini jina la serikalini siku hizi ni Jeshi la Akiba, mafunzo yako chini ya JWTZ, na wilayani kuna afisa wa jeshi anayejulikana kama mshauri wa mgambo. Mafunzo huchukua miezi kama minne: kwata, utimamu wa mwili, usomaji wa ramani, ujanja wa porini, huduma ya kwanza, mbinu za kivita na silaha ndogo ndogo. Polisi, Uhamiaji, Zimamoto na TAKUKURU nao huja na vipindi vyao, kila mmoja na mifano yake ya kutisha.

Sisi tulikuwa mchanganyiko wa ajabu. Wengi walikuwa vijana wanaotafuta cheti, kwa sababu ukipeleka maombi kwenye kampuni ya ulinzi swali la kwanza ni kama umepitia JKT au mgambo. Walikuwepo waendesha bodaboda, mama lishe, mkulima wa zabibu kutoka Hombolo, hapa hapa Dodoma, ambaye viganja vyake vilikuwa vigumu kuliko vya afande, na mimi mwenye duka la madaftari na mashine ya kutoa kopi. Mimi sikwenda kutafuta kazi ya ulinzi. Mdogo wangu alitaka kwenda akaogopa kwenda peke yake, nikamsindikiza. Yeye aliumia mguu mapema akarudi nyumbani. Mimi nikabaki, na mpaka leo mama anasimulia kisa hicho harusini.

Sokoni Majengo nilikopita kununua mboga jioni nikiwa na raba za mazoezi, shangazi mmoja anayeniuzia nyanya alinisimamisha. "Mwanangu, ukishapewa rungu utaanza na nani? Nyanya zangu ndizo hizi, uzimwage leo nikiwa na nguvu za kuokota." Tulicheka sote. Ila hakuwa anatania sana.

Bunduki yangu ya kwanza ilikuwa ya mbao. Fundi seremala aliichonga kwa mabaki ya meza, na mpaka mwisho wa mafunzo kitako chake kilikuwa na tundu la msumari. Kwa wiki nyingi hiyo ndiyo silaha unayoijua: unaibega, unaiteremsha, unakimbia nayo, unatambaa nayo kifudifudi kwenye mchanga wa Dodoma wenye mbigili, na ole wako uiegemeze ukutani ukaenda chooni. Afande aliikuta ya kijana mmoja imelala peke yake chini ya mti. Kijana aliambiwa aiombe radhi, kwa sauti, mbele yetu, ajitambulishe na ajieleze alikuwa wapi. Ukiiona kwa nje ni kichekesho. Lakini baada ya pale hakuna kipande cha mbao kilichoachwa tena peke yake.

Za chuma zilikuja baadaye, na zilikuja na ulinzi. Tulizofundishiwa sana ni SAR, ile nusu-otomatiki yenye kitako cha mbao inayobeba risasi 10 ndani ya tumbo lake, na tukaonyeshwa SMG, ambayo wengine duniani wanaiita AK, yenye magazini ya risasi 30. Zote mbili zinatumia risasi ya milimita 7.62 kwa 39, na zote uzito wake unakaribia kilo nne. Kilo nne si kitu ukiwa umesimama dukani na kifurushi cha karatasi. Zishike kwa mikono iliyonyooshwa, jicho moja limefumbwa, jua la saa tano kisogoni, ndipo utajua.

Zoezi ninalolikumbuka kuliko yote halikuwa na risasi hata moja. Unalala kifudifudi, miguu imetanuka, kitako kimekaa vizuri begani. Afande anachukua sarafu ya shilingi 100, anailaza taratibu juu ya mtutu karibu na ncha. Kisha anakwambia vuta. Ukivuta triga kwa pupa, bunduki inatikisika na sarafu inaanguka mchangani. Unaanza upya. Unatakiwa kuweka kijiti cha mbele katikati ya ule mfereji mdogo wa nyuma, shabaha ikae juu yake, uvute pumzi, utoe nusu, ubane, halafu kidole kifanye kazi peke yake, pole pole, kiasi kwamba wewe mwenyewe hujui itafyatuka lini. Vijana wa bodaboda, waliokuwa na mbwembwe kuliko sisi wote, waliangusha sarafu mpaka afande akawaambia watarudi nyumbani na madeni. Yule mkulima wa zabibu sarafu yake ilikaa mara ya kwanza, ikakaa mara ya pili. Alipoulizwa siri yake alisema anapogoa mizabibu kwa mkasi tangu akiwa mtoto, na ukikata kwa pupa unaua tawi la mwakani.

Basi Jumamosi ikafika. Uwanja ulikuwa nje ya mji, sitasema upande gani. Dodoma ni nchi ya vilima vya mawe, na mtu anaweza kudhani jabali ni kinga nzuri ya risasi. Si kweli. Jabali linarudisha risasi au kuikwepesha ikaenda isikojulikana, kwa hiyo kinachotafutwa ni tuta nene la udongo, na nyuma yake mlima wa kuzuia zinazopita juu. Risasi ile inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 2 ikikosa cha kuizuia, na katika kilomita 2 za Dodoma hukosi boma la mtu, kisima, au watoto wanaotoka shule. Bendera nyekundu ilipandishwa, walinzi wakapelekwa kila upande, na viongozi wa vijiji vya jirani walikuwa wameshaambiwa siku kadhaa kabla.

Ng'ombe hawakuambiwa. Kundi la kwanza limeshalala mstarini, silaha zimeshajazwa, filimbi ya kuanza inasubiriwa, mara mlinzi wa upande wa mashariki anapunga mikono. Ng'ombe wanakuja taratibu, nyuma yao mzee wa Kigogo na fimbo yake mabegani. Kila kitu kikasimama. Vyumba vya risasi vikafunguliwa, silaha zikawekwa chini, watu wakarudi nyuma hatua kadhaa. Mkufunzi mmoja, mwenyewe si mwenyeji, akakimbia kumpokea.

"Mbukwenyi, mzee wangu."

"Mbukwa. Leo mnapiga?"

"Tunapiga, mzee. Tunakuomba upitie chini kule kwenye korongo."

"Korongo lina nyuki." Akasimama kufikiri. "Nyie pigeni baadaye kidogo. Ng'ombe hawawezi kurudi nyuma wakishanusa maji."

Na ikawa hivyo. Jeshi la Akiba la Jamhuri ya Muungano lilisubiri ng'ombe wapite kwenda majini, na afande, ambaye kuruta akichelewa kupiga goti anatoa jicho, alisimama na kofia mkononi akimsikiliza mzee akieleza bei ya ndama mnadani. Niliipenda sana nusu saa ile.

Kupiga kwenyewe nitakupitisha haraka. Mlio ni mkubwa kuliko ulivyoandaliwa, bega linasukumwa lakini si kwa ukatili, na harufu inabaki kwenye nywele mpaka kesho yake. SAR hurusha ganda juu upande wa kulia, kwa hiyo aliye kulia kwako ndiye anayepata zawadi. La kwangu moja lilimwangukia mama lishe shingoni, la moto. Hakuruka. Alisaga meno, akaendelea kuelekeza mtutu mbele, akamaliza zake, akakaguliwa, ndipo akatamka neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Afande alimsifia mbele ya wote. Mimi shabaha yangu ilikuwa ya wastani, na wastani kwa mtu anayevaa miwani ni ushindi.

Sasa njoo kwenye meza. Pembeni ya uwanja, chini ya mgunga, kulikuwa na meza na koplo mwenye daftari kubwa lililopigwa mistari kwa rula: jina, namba ya silaha, risasi alizopewa, alizopiga, zilizogoma, maganda aliyorudisha, sahihi. Kabla ya kupiga unasaini. Ukimaliza unaokota maganda yako, unayapanga mezani wima, koplo anayagusa moja moja kwa ncha ya kalamu, unasaini tena. Zilizotoka lazima zilingane na maganda pamoja na zilizogoma. Hakuna "kama" wala "nadhani".

Kundi lililotufuata lilipungukiwa na ganda moja.

Kazi ikasimama. Tukapangwa mstari, bega kwa bega, tukapiga magoti na kuanza kusogea mbele kwa mikono kama watu wanaopalilia mtama. Ganda la aina ile lina rangi ya shaba iliyofifia, rangi ile ile ya majani makavu ya Agosti, na mchanga wetu ni mwekundu. Upepo ulikuwa unapuliza vumbi machoni. Tulimaliza upande wa kulia, tukarudia, tukageuza mawe, tukakunja mikono ya mashati na kukung'uta kola. Chakula kilikuwa kimeshaiva, harufu ya maharage inatufikia pale pale chini. Kijana mmoja akanong'ona kwamba kama ni ganda tu, yeye ana shilingi 500 mfukoni, tununue lingine tuondoke. Afande alikuwa nyuma yake.

"Linunue," akamwambia, bila kupandisha sauti. "Halafu uniambie umelinunua kwa nani, nikamkamate."

Lilipatikana baada ya muda mrefu, mbele kuliko tulikokuwa tunatafuta, limesimama wima kwenye mzizi wa kichaka. Silaha ile ilikuwa inatupa mbele, si pembeni kama zingine. Koplo akaligusa kwa kalamu, mwenye nalo akasaini, ndipo tukala.

Pale ndipo nilipoelewa lile daftari. Ganda lenyewe halina thamani. Lakini likikosekana, mwenye daftari hana namna ya kujua kama risasi ilipigwa au imetoka uwanjani mfukoni mwa mtu ikiwa nzima. Na risasi nzima ina wateja. Huku katikati ya nchi tuna mapori ya akiba kama Swagaswaga na majangili wake, na kuna magobole yanayotengenezwa na mafundi wa vijijini, ambayo serikali imeshatoa misamaha yasalimishwe kwa hiari. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ni kali, ila sheria haipigi magoti kwenye mchanga kutafuta ganda.

Wazo la kumfundisha raia bunduki halafu umrudishe nyumbani mikono mitupu si la jana. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi letu la wakati huo, waliasi, serikali mpya ikalazimika kuwaita Waingereza kuwatuliza, na ilipofika Septemba mwaka huo JWTZ ikaundwa upya kabisa kwa vijana waliochaguliwa vingine. Novemba 1970 Guinea ikavamiwa kutokea baharini, na Januari 1971 Idi Amin akapindua serikali Uganda. Mwezi uliofuata TANU, chama kilichokuwa kinatawala, ikatoa Mwongozo wake, na humo yametajwa yote mawili, Guinea na Uganda, na somo lililotolewa ni kwamba ulinzi wa nchi usiachiwe askari wachache wa kambini. Wananchi wafundishwe. Hapo ndipo mgambo wa leo alipozaliwa.

Sisi wa Dodoma tulikuwa tumeshaona mafunzo ya namna hiyo jirani kabisa. Kongwa, pale Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947 wakaukimbia mwaka 1951 kwa ukame na ugumu wa udongo, ndipo kuanzia miaka ya 1960 walipokaa wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na wengineo. Baba mkubwa wangu alikulia huko. Mwaka 1978, Amin alipoivamia Kagera na Mwalimu kutangaza kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo, baba mkubwa alikuwa mgambo. Maelfu ya mgambo walichukuliwa kujazia jeshi, naye akawa mmoja wao. Alirudi baada ya Kampala kuanguka, Aprili 1979, na koti na kikohozi. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza bunduki yake iko wapi. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza daraja la Kyaka kaliweka wapi. "Bunduki gani? Nilikabidhi. Nilisaini."

Wenzetu wamechagua vingine. Uswisi raia aliye jeshini anakaa na bunduki ya jeshi nyumbani na kila mwaka analazimika kwenda kupiga shabaha mita 300. Pendekezo la kuzirudisha bunduki hizo bohari lilipigiwa kura mwaka 2011, wananchi wakalikataa, japokuwa risasi za kukaa nazo nyumbani zilianza kuondolewa tangu 2007. Marekani wana marekebisho ya katiba ya mwaka 1791 yanayotaja milisia na haki ya kubeba silaha, na vipo vikundi vya raia, kama kile cha Michigan kilichoanza mwaka 1994, vinavyokutana mwisho wa wiki kufanya mazoezi na bunduki zao wenyewe. Wakimaliza wanazipakia kwenye magari yao na kuondoka nazo, maganda ni yao, daftari hakuna. Hoja yao ni kwamba raia awe na nguvu mbele ya serikali. Naielewa. Ila nikifikiria kaunta za baa zetu saa sita usiku, nashukuru kwamba SAR niliyoilalia ile Jumamosi imelala kwenye ghala lenye kufuli na mlinzi.

Kinachonikera ni kwamba ukali ule wote wa daftari unaishia uwanjani. Sheria ya mwaka 1975 iliwapa mgambo walio kazini uwezo wa kukamata kama wa askari polisi, na mwaka 1989 uwezo wa aina hiyo ukapanuliwa kuwafikia sungusungu, wale walioanza na pinde na mishale kule Usukumani na Unyamwezini kupambana na wezi wa mifugo. Huo ni uwezo mkubwa kuliko bunduki ambayo huruhusiwi kwenda nayo nyumbani. Na mgambo anayeajiriwa na halmashauri anapewa rungu na amri ya kusafisha barabara, basi. Katika mji mmoja, nisioutaja, niliwahi kuona beseni la mihogo likipinduliwa kwa teke mbele ya mtoto wa mwenye beseni, na aliyepiga teke hakuwa na namba kifuani wala karatasi mkononi. Mihogo ilichukuliwa. Haikuandikwa popote. Niliuliza inapelekwa wapi, nikaambiwa nisiingilie kazi ya serikali.

Sasa mtu huyo huyo, inawezekana kabisa, alishawahi kupiga magoti juani akitafuta ganda tupu. Amefundishwa kwamba kitu cha serikali kikitoka mkononi mwako kina namba na sahihi. Amelishika vizuri somo hilo kwa risasi. Hakuna aliyemwambia kwamba linahusu pia mihogo ya mama wa watu.

Nimeshawaambia wenzangu tuliohitimu pamoja, na nimemwambia afisa mmoja wa mtaa aliyekuja kutoa kopi: rungu nalo liandikwe. Jina la aliyelichukua asubuhi, namba yake, saa ngapi, eneo gani, mali gani imekamatwa na ya nani, imepelekwa wapi, amelirudisha saa ngapi, sahihi ya aliyempa na sahihi ya aliyepokonywa. Safu tisa au kumi, zinapigwa kwa rula. Afisa alisema ni wazo zuri ila bajeti ni ngumu. Kaunta buku ya kwaya mbili ninayo hapa dukani, na nilimwambia ya kwanza nitaitoa bure.